Plombaje ya Kudumu: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Dawa ya Kuziba Jino Ukiwa Goma

Malalamiko yanayonifikia kutoka Himbi, Ndosho, Majengo na Birere yanafanana. Jino lilizibwa, likatulia, kisha baada ya miezi michache plombaje, yaani dawa iliyoziba tundu, imetoka nzima, au imepasuka, au jino limeanza kuuma upya chini yake. Mtu analipa tena, anaziba tena, na mwisho jino linang'olewa.

Swali ninaloulizwa ni lile lile: dawa gani inadumu kuliko nyingine? Nitalijibu kwa miaka na kwa sababu zake. Lakini ujue tangu sasa kwamba dawa moja inaweza kukaa miaka 12 kwa mtu mmoja na miezi 4 kwa jirani yake. Tofauti hutoka kwenye mate, umbo la tundu, uozo ulioachwa ndani, na jinsi meno yanavyokutana mtu akitafuna. Haya yote unaweza kuyafuatilia ukiwa umekaa kwenye kiti, hata kama hujasomea meno.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda

- Kipande cha plombaje kilichoanguka, kama bado unacho. Usikitupe.
- Kioo kidogo na tochi ya simu.
- Uzi wa meno.
- Dawa ya meno yenye floridi. Kwa mtu mzima tafuta tube iliyoandikwa kati ya ppm 1000 na 1500.
- Mahali pa kuandika: jina la dawa, jino lipi, tarehe.
- Pesa ya safari mbili. Jino lililooza sana mara nyingi huwekewa dawa ya muda kwanza, na wengi wanaopoteza meno ni wale waliolipia safari ya kwanza peke yake.
- Asubuhi isiyo na haraka. Kazi nzuri kwenye gego kubwa hailingani na dakika kumi za mapumziko ya kazini.

## Hatua ya 1: Chunguza plombaje iliyoanguka

Watu huja nayo imefungwa kwenye kipande cha karatasi, wakiona aibu kidogo. Hakuna aibu hapo. Kipande hicho kinaeleza kilichotokea kuliko mwenye jino mwenyewe.

Kiweke kwenye kiganja, ukigeuze, ukimulike.

Ni cheupe kama chokaa, kinavunjika kwa ukucha, kina harufu ya karafuu. Hiyo ilikuwa dawa ya muda, mchanganyiko wa zinki na mafuta ya karafuu. Haikukusaliti. Imefanya kazi yake ya wiki kadhaa, wewe ukaikalisha mwaka.

Ni kigumu, cha rangi ya jino, kimetoka kizima, na upande wa chini unang'aa. Hii ni kompoziti (dawa inayokaushwa kwa taa, tutaiona Hatua ya 3) ambayo haikushika. Karibu kila mara jino lilikuwa na mate au damu wakati gundi inapakwa.

Kimevunjika katikati. Ama kilikuwa chembamba mno, ama kilikuwa juu kidogo kuliko meno mengine na kila tonge la bugali likakipiga.

Kimetoka pamoja na unga wa kahawia, na tundu ni laini. Jino liliendelea kuoza kando au chini ya plombaje. Ukiwekewa dawa nyingine juu ya ulaini huo, nayo itaanguka.

*Umefaulu kama:* unaweza kumweleza munganga (daktari wa meno) kwa sentensi moja kwa nini ile ya kwanza iliharibika. Hapo atakutibu kwa sababu hiyo, badala ya kurudia kazi ya zamani.

## Hatua ya 2: Hakikisha jino bado linazibika

Jino linaloshtuka kwa maji baridi au sukari kisha likatulia baada ya sekunde chache, kwa kawaida linazibika.

Jino linalouma lenyewe, linalokuamsha usiku, au linaloendelea kuuma kwa dakika nyingi baada ya chai ya moto, mshipa wake umeshaumia. Kulifunika kwa plombaje ni kufungia ugonjwa ndani. Litahitaji kutibiwa mizizi au kung'olewa. Na jino lililotibiwa mizizi hubaki dhaifu: kama ni gego lililopoteza kuta zake, ulizia kuroni (kofia ngumu inayofunika jino lote) au plombaje inayofunika ncha zote za kutafunia, la sivyo litapasuka wima na hakuna atakayeweza kuliunga.

Tahadhari: shavu au taya lililovimba, homa, shida ya kufungua mdomo au kumeza, si mambo ya kusubiri Jumatatu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiweke asidi ya betri, petroli wala gundi ya viatu kwenye tundu. Aspirini iliyowekwa juu ya ufizi huuchoma, na maumivu hayaendi popote.

## Hatua ya 3: Zifahamu dawa nne

### Amalgamu

Ni ile ya rangi ya fedha. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Kwenye magego ndiyo yenye rekodi ndefu zaidi: miaka 10 hadi 15 ni kawaida, na wapo wenye yao kwa zaidi ya miaka 20.

Inavumilia unyevu kidogo, haichakai haraka, na haihitaji taa. Udhaifu wake ni kwamba haigundani na jino. Munganga lazima achonge tundu liwe pana chini kuliko juu ili iweze kushikwa, na hapo anapoteza sehemu ya jino ambayo haikuoza.

Zebaki inazungumzwa sana. Ikishagandamana ndani ya plombaje hutoa mvuke kidogo mno. Hata hivyo, mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana isitumiwe kwa watoto chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona lazima, na Umoja wa Ulaya umeisimamisha tangu Januari 2025. Itazidi kuadimika. Kama unayo mdomoni na ni nzima, iache: kuichimba bila sababu ndiko kunakorusha mvuke mwingi kuliko kukaa nayo.

### Kompoziti

Hii ina rangi ya jino. Ni resini (aina ya plastiki) iliyochanganywa na chembe za kioo, hukaushwa kwa taa ya buluu. Ikiwekwa vizuri hukaa miaka 5 hadi 10 na zaidi, na inagundana na jino, kwa hiyo tundu linaweza kubaki dogo.

Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yaliyochapishwa 2014 na kufanywa upya 2021 yalikuta kwamba kwenye magego kompoziti huharibika karibu mara mbili ya amalgamu, hasa kwa jino kuoza upya kando yake. Hilo lisikutishe, ila likufanye uwe mkali juu ya ukavu. Kompoziti ndiyo dawa isiyosamehe. Ikikauka hujikunja kwa asilimia 2 hadi 3. Kama gundi haikushika, ukingo unaachia, na sukari inaingia katika ufa ambao jicho halioni.

### Glasi ionoma

Kwenye karatasi ya Kifaransa utaona imeandikwa CVI. Ni unga na maji yake, huchanganywa papo hapo. Hujifunga yenyewe na kalisi ya jino, hutoa floridi polepole, na haihitaji umeme.

Kwenye tundu dogo la uso mmoja hudumu. Katika njia ya kutibu kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine, plombaje za aina hii kwenye meno ya utu uzima zenye uso mmoja zilibaki nzima takriban 80 kati ya 100 baada ya miaka 5. Njia hiyo ilianza kujaribiwa Tanzania katika miaka ya 1980, na kwa ndugu zetu wa vijijini, Masisi au Rutshuru, ndiyo inayoweza kuokoa jino kabla mtu hajafika mjini. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Lakini kwenye gego lililopoteza ukuta mzima huchakaa na kuvunjika. Usiikubali hapo kama plombaje ya mwisho.

### Dawa ya muda

Wiki kadhaa, pengine miezi michache. Inatuliza na kusubirisha. Kumbuka jambo moja: mafuta ya karafuu yaliyomo huzuia kompoziti isigande vizuri, kwa hiyo siku ya kuziba lazima iondolewe yote.

Dhahabu na kaure zinazotengenezwa nje ya mdomo hudumu kuliko zote, na bei yake unaijua.

## Hatua ya 4: Linganisha dawa na jino lako

Mulika tundu. Jiulize maswali manne kwa mpangilio huu.

Kuta ngapi zimepotea? Tundu lililo juu tu ya gego, na kuta zote zimesimama, linakubali dawa yoyote kati ya tatu za kudumu. Likiwa limekula pia upande unaogusana na jino jirani, chagua amalgamu au kompoziti iliyowekwa kwa ukanda wa chuma. Zaidi ya nusu ya gego ikiwa imekwenda, anza mazungumzo ya kuroni.

Linaweza kukaushwa? Tundu lililoingia chini ya ufizi unaotoa damu haliwezi kubeba kompoziti leo. Safisha ufizi kwanza, rudi baada ya wiki, au ukubali glasi ionoma au amalgamu.

Ni la nani? Jino la utoto litakalong'oka lenyewe baada ya miaka miwili halihitaji kukaa miaka 15, na mtoto hakai kimya dakika arobaini. Glasi ionoma inamtosha. Mama mjamzito: glasi ionoma au kompoziti.

Enameli yako, tabaka gumu la nje la jino, ikoje? Hapa Goma tuna jambo letu. Moshi wa volkano ya Nyiragongo unabeba floridi, mvua inaishusha kwenye mabati, nasi tunakinga maji hayo. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekua akinywa maji yaliyopita hapo, meno yake huota yakiwa na michirizi myeupe kama chaki, au madoa ya kahawia, au vishimo.

Doa la kahawia la namna hiyo ni gumu ukiligusa kwa chombo. Si uozo. Nimeona meno mazima yaliyochimbwa kwa sababu tu yalikuwa ya kahawia, na hilo linaniuma kila ninapoliona, maana jino lililochimbwa halirudi. Uliza: "Munganga, ni laini ao ni rangi tu?" Kama ni gumu na halina tundu, liache.

Na kama kweli lina tundu, enameli yenye floridi nyingi inakataa asidi inayotayarisha jino kushika gundi. Mkumbushe munganga. Wengi huondoa ngozi nyembamba ya juu au kuacha asidi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Bila hilo kompoziti hushika juu juu.

*Umefaulu kama:* umeingia kwenye kiti ukijua dawa gani inafaa, ya pili ni ipi, na kwa nini.

## Hatua ya 5: Kwenye kiti

Hapa ndipo miaka ya plombaje inapopatikana au kupotea. Uliza kabla ya sindano, kwa heshima, maana mdomo ukishakufa ganzi huwezi kuuliza tena:

"Munganga, hii unanitilia ni ya muda ao ya kudumu? Jina lake ni nani?"

Munganga mzuri hachukii swali hilo. Andika jibu.

Kusafisha uozo. Kingo za tundu lazima zibaki ngumu na safi pande zote. Chini kabisa, karibu na mshipa, munganga anaweza kuacha kwa makusudi tabaka laini kidogo ili asiufikie mshipa. Hiyo ni kazi ya kisasa na sahihi. Ukingo mchafu ndio usiokubalika.

Ukavu. Kuziba kwa kompoziti jino lenye mate ni kupaka rangi ukuta unaotiririka maji. Unapaswa kuhisi pamba pande zote mbili za jino na mrija unaovuta mate, au, vizuri zaidi, kipande cha mpira kilichotandazwa huku jino likichungulia kwenye tundu lake. Pamba ikilowa, inua mkono. Ulimi ukigusa jino baada ya asidi, inua mkono. Kazi itarudiwa dakika moja nyuma, nawe utaokoa miaka.

Asidi na gundi. Kwa kompoziti, geli ya asidi ya fosforiki hukaa sekunde 15 hadi 30, huoshwa, kisha gundi hupakwa na kupigwa taa. Ukiona dawa imeingizwa moja kwa moja bila hatua hizi, uliza. Zipo dawa za gundi zenye asidi yake ndani, na munganga atakueleza.

Tabaka na taa. Kompoziti ya kawaida huwekwa kwa tabaka za milimita 2, kila tabaka na mwanga wake, kwa kawaida sekunde 20. Tundu la kina likijazwa mara moja na kupigwa taa mara moja, juu kunakuwa jiwe na chini kunabaki ulaini. Fumba macho, lakini sikiliza mlio wa taa na uhesabu.

Taa yenyewe huchoka. Ncha yenye dawa iliyogandia, betri iliyozeeka, au taa inayoshikwa mbali na jino hupunguza mwanga bila mtu kujua. Mji wetu unazoea umeme kukatika. Uliza kama kuna betri au jenereta kabla kazi haijaanza, siyo katikati.

Glasi ionoma ina alama yake: mchanganyiko uingizwe ukiwa bado unang'aa. Ukishakuwa mkavu bila mng'ao, nguvu ya kujifunga na jino imekwisha. Na mchanganyiko mwepesi kama uji, uliozidishwa maji yake, ni dhaifu. Juu hupakwa vazelini au vanishi ili mate yasiuharibu.

Ukanda wa chuma. Tundu likiwa ubavuni, ukanda na kabari vinazuia dawa isimwagike kwenye ufizi na vinajenga mgusano na jirani. Bila hivyo nyama itanasa pale kila siku.

Kuuma karatasi. Mwisho utauma karatasi ya rangi. Plombaje ikiwa juu, inaacha doa zito kuliko majirani, na hupunguzwa. Kwa sababu mdomo una ganzi, huwezi kuhisi vizuri. Kaa wima, uma kawaida, kisha sugua meno kushoto na kulia. Usiondoke kwa haraka hapa.

*Umefaulu kama:* uzi wa meno unaingia kwa mkazo mdogo na kutoka bila kuchanika, meno yote yanagusana kwa pamoja, na ulimi haukuti ngazi wala ncha kali.

## Hatua ya 6: Saa 24 za kwanza

Kompoziti huwa ngumu palepale. Ngoja tu ganzi iishe, usije ukatafuna shavu lako.

Amalgamu hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 24. Siku hiyo tafunia upande mwingine.

Glasi ionoma: usile chochote kwa saa moja angalau, na vigumu usiviguse hadi kesho.

Kushtuka kidogo kwa baridi ni kawaida kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, mradi kunapungua. Kuuma ukitafuna tu, kwenye pointi moja, kwa kawaida ni plombaje iliyo juu: rudi ipunguzwe wiki hiyo hiyo. Ukiivumilia mwezi, itapasuka yenyewe au italipasua jino.

## Hatua ya 7: Kuitunza miaka

Plombaje haiozi. Jino linaloizunguka ndilo linalooza, na pale wanapokutana ndipo pa kulinda.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, jioni ikiwa muhimu kuliko asubuhi. Tema povu bila kusuuza kwa maji mengi, floridi ibaki kwenye meno. Pitisha uzi ubavuni mwa plombaje kila usiku. Mtoto chini ya miaka 3 anahitaji dawa ya ukubwa wa punje ya mchele tu, na hapa kwetu, kwenye floridi ya maji, usizidishe.

Sukari inayorudiwa ndiyo inayoua. Chupa ya soda inayonywewa kidogo kidogo kutoka saa nne hadi saa nane inadhuru kuliko ile iliyonywewa na chakula na kuisha. Ni vivyo hivyo na chai ya sukari kila saa.

Usifungue chupa kwa meno. Mifupa, muhindi mkavu wa kuchoma na kumenya muwa kwa meno vipelekee upande wenye magego mazima. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hazina shida.

Mara moja kwa mwaka jiangalie, kisha uangaliwe. Mulika ukingo wa plombaje. Mstari wa kahawia peke yake si sababu ya kubadilisha. Ufa unaonasa uzi, ulaini, au maumivu ni sababu. Na ukiambiwa ibadilishwe, uliza kwanza kama inaweza kurekebishwa pale ilipovunjika. Kila plombaje inayochimbwa yote huondoka na kipande cha jino, na baada ya mara ya tatu au ya nne hakuna ukuta wa kuishika.

Ikianguka safarini, suuza kwa maji ya chumvi vuguvugu, tafunia upande mwingine, na kama famasi ina dawa ya muda ya kuziba, bonyeza kidogo ndani ya tundu lililokaushwa. Gundi ya haraka ya dukani usiitumie hata kidogo: inachoma mshipa na kumfanya munganga achimbe zaidi. Kipande kihifadhi kwenye karatasi, andika tarehe kilipoanguka na ulikuwa unakula nini, uende nacho ndani ya wiki hiyo.